Mtoto wa pumu: Kwa nini inhela ya buluu haitoshi

MZAZI wa mtoto mwenye pumu ajua jinsi kifua kinavyolia filimbi usiku. Wasilojua wengi ni kwamba taabu hiyo huanzia kwenye mwito.

Mnamo 1994, watafiti jijini London waligundua katika mapafu ya wanyama wa maabara protini ndogo iitwayo eotaksini. Ni ya jamii ya kemokini, yaani protini zinazoita chembechembe nyeupe za damu mahali zinapohitajika. Eotaksini huita eosinofili, askari hodari dhidi ya minyoo. Katika pumu ya mzio, askari hao huitwa kwa sababu ya vumbi tu! Wakikosa adui, sumu yao huunguza njia za hewa, zikafura na kujaa makamasi.

Inhela ya buluu hulegeza misuli, mtoto akapumua, lakini mwito unaendelea. Ile ya steroidi, ambayo wazazi huiweka kabatini mtoto akionekana mzima (nayo hainunuliwi kwa senti chache), ndiyo hupunguza mwito na idadi ya askari. Huchukua siku kadhaa, hata majuma, kufanya kazi. Kwa hivyo ikiwa daktari ameagiza itumiwe kila siku, itumiwe hata siku anayocheza mpira bila shida.