Kopo Lasema "Asili": Je, Ndani Mna Nini?

Ninyi mliokutana katika vikundi, mwenyekiti na ahakikishe kila mtu amekaa mahali anapoweza kusikia, na mwandishi ashike daftari na kalamu. Kama kuna kopo au chupa yo yote ya mafuta ya kujipaka, ileteni karibu, hata ikiwa tupu. Leo kopo hilo ndilo kitabu chetu.

Tuseme mama mmoja wa Nyanungu amekwenda mnadani. Ameuza debe lake la mahindi, na fedha ameifunga katika ncha ya kitenge. Ni wakati wa kiangazi; upepo ni mkavu, na ngozi ya mtoto wake imepauka na kuanza kupasuka miguuni. Mama anataka mafuta. Muuzaji anamwonyesha makopo mawili. La kwanza ni mafuta ya mgando ya kawaida, bei yake ndogo. La pili lina picha ya nazi na jani la kijani, na limeandikwa kwa herufi kubwa: "Asili tupu. Haina kemikali. Huondoa madoa yote kwa siku 7." Bei yake ni mara tatu ya lile la kwanza.

Mama huyu amejifunza kusoma katika darasa la watu wazima. Basi asome nini? Maneno makubwa ya mbele ni maneno ya mwenye kuuza. Sisi leo tutageuza kopo, tusome maneno madogo ya nyuma.

Kwanza: ngozi hukauka kwa nini?

Ngozi ya juu ni kama ukuta wa matofali. Matofali ni chembe ndogo ndogo zilizokwisha kufa, na udongo unaoyashikanisha ni mafuta ya mwili wenyewe. Ukuta ukiwa mzima, maji ya mwilini hayatoki ovyo. Lakini upepo mkavu, maji ya moto sana, na sabuni kali huuondoa ule udongo. Hapo maji hupenya na kupotea hewani, nayo ngozi hupauka, huwasha na kupasuka.

Mafuta mazuri ya kujipaka hufanya kazi tatu. Kazi ya kwanza ni kuvuta maji na kuyashika. Hiyo ni kazi ya gliserini, na hata asali huifanya. Kazi ya pili ni kulainisha, yaani kujaza nyufa kati ya matofali; hiyo ni kazi ya mafuta ya nazi, ya alizeti na ya mbegu nyingine. Kazi ya tatu ni kuziba juu ili maji yasitoke. Hiyo ni kazi ya mafuta ya mgando na nta ya nyuki. Angalieni jambo moja: mafuta matupu hayana maji ndani yake. Kwa hiyo yapakwe mara baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu, ili unyevu huo ufungiwe ndani. Anayejipaka mafuta juu ya ngozi iliyokwisha kukauka amefunga mlango baada ya ng'ombe kutoka.

Pili: maji ndani ya kopo.

Wafugaji wa Mara wanalijua somo hili bila ya kufundishwa. Mama akitikisa maziwa katika kibuyu hupata siagi. Siagi mbichi ikiachwa huharibika upesi, kwa kuwa ina maji ndani yake, na vijidudu hupenda maji. Lakini siagi hiyo ikichemshwa hata maji yakaisha, huwa samli, nayo samli hukaa muda mrefu.

Krimu na losheni za dukani ni kama siagi mbichi: zina maji mengi yaliyochanganywa na mafuta. Kwa hiyo sharti zitiwe dawa ya kuhifadhi, ama sivyo vijidudu vitaota ndani yake, navyo huweza kuingia katika michubuko ya ngozi. Basi msikiapo krimu yenye maji ikisifiwa kwamba haina dawa yo yote ya kuhifadhi, msifurahi upesi. Vivyo hivyo kwa utomvu wa shubiri uliosagwa nyumbani na kuwekwa katika chupa: tumieni uliokatwa siku hiyo, wala msiuweke kwa majuma.

Tatu: kuisoma orodha.

Nyuma ya kopo tafuteni neno "Ingredients". Baada ya neno hilo hufuata orodha ya vitu vyote vilivyomo. Kanuni yake ni hii: kitu kilicho kingi kuliko vyote huandikwa kwanza, kisha kinachofuata kwa wingi, na kuendelea. Vile vidogo kabisa, visivyofika sehemu 1 katika 100, huweza kuandikwa mwishoni kwa mpango wo wote.

Majina mengi huandikwa kwa lugha ya kitaalamu, lakini yasiwatishe. Aqua ni maji. Cocos nucifera ni mnazi. Helianthus annuus ni alizeti. Ricinus communis ni mbarika. Butyrospermum parkii ni siagi ya mti wa shea, unaoota kaskazini mwa Uganda. Aloe barbadensis ni shubiri. Cera alba ni nta ya nyuki. Parfum ni manukato. Paraffinum liquidum ni mafuta ya madini yaliyosafishwa sana. Hayo si mafuta ya taa, wala msiyachanganye nayo. Na Cetearyl alcohol si pombe, ingawa jina linafanana. Ni kitu kama nta, kinacholainisha.

Sasa tusome kopo letu la mfano, lenye picha ya nazi. Orodha yake ni hii: Aqua, Paraffinum liquidum, Glycerin, Cetearyl alcohol, Phenoxyethanol, Parfum, Cocos nucifera oil, Aloe barbadensis. Mwaona nini? Kwanza maji. Pili mafuta ya madini. Nazi ni ya saba!

Tena kuna jambo la kutusaidia kupima. Phenoxyethanol ni dawa ya kuhifadhi. Kwa kanuni za vipodozi za Ulaya haipaswi kuzidi sehemu 1 katika 100. Kama mtengenezaji ameifuata kanuni hiyo, basi nazi, iliyoandikwa baada yake, nayo haizidi sehemu 1 katika 100. Fanyeni hesabu: kopo ni la gramu 200; sehemu 1 katika 100 ni gramu 2. Hiyo haifiki nusu ya kijiko cha chai. Picha ya nazi imejaa mbele ya kopo, lakini nazi yenyewe ni matone tu.

Je, kopo hilo ni baya? Hapana. Maji, gliserini na mafuta ya madini hufanya kazi yake vema. Ubaya ni kumtoza mama bei ya nazi huku akiuziwa mafuta ya madini. Na hata nazi tupu isipewe sifa isizo nazo. Mwaka 2004 madaktari wa Ufilipino walichapisha jaribio walilofanya kwa watu 34 wenye ngozi kavu. Wengine walipaka mafuta ya nazi, wengine mafuta ya madini, kwa majuma mawili. Makundi yote mawili yalipata nafuu, bila ya tofauti kubwa.

Nne: kuyapima maneno ya mbele.

"Asili tupu." Mnyaa tunaoupanda uwe ua ni wa asili, lakini maziwa yake yakiingia jichoni ni hatari kubwa. Ndimu ni ya asili, lakini maji yake yakipakwa ngozini kisha mtu akaenda juani, huweza kumwunguza. Basi neno "asili" latuambia kitu kilikotoka. Halituambii kwamba ni salama.

"Haina kemikali." Maji ni kemikali, chumvi ni kemikali, na samli pia imefanyika kwa kemikali. Neno hili halina maana yo yote.

"Hukinga jua." Mafuta ya nazi hayatoshi kuzuia jua. Katika miaka ya 2010 krimu maalum ya kukinga jua, iitwayo Kilisun, ilianza kutengenezwa huko Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kama mafuta ya kawaida yangalitosha, kazi hiyo isingalihitajika.

"Huondoa madoa yote kwa siku 7." Hapa simameni, ndugu wasikilizaji. Mafuta ya kulainisha hayana nguvu ya kuondoa madoa kwa juma moja. Ikiwa neno hili ni la uongo, umepoteza fedha. Ikiwa ni la kweli, yaelekea ndani mmetiwa kitu kikali kisichotajwa, na umepata hatari.

Tano: hatari yenyewe.

Krimu za kung'arisha ngozi, pamoja na ule mchanganyiko tuuitao mkorogo, zimepata kukutwa na zebaki, haidrokwinoni, au dawa kali za steroidi. Zebaki haihitaji kuelezwa sana katika wilaya ya Tarime. Ndugu zetu wachimbaji wadogo wa upande wa Nyamongo wanaijua: ndiyo ile inayong'aa kama fedha na kukimbia kama maji, inayokamata vumbi la dhahabu. Zebaki ikipakwa ngozini huingia mwilini, hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na mama mjamzito huweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Steroidi nazo, zikitumiwa ovyo, hufanya ngozi kuwa nyembamba na rahisi kuchubuka.

Sheria za Tanzania zinakataza vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, nao unapiga vita vipodozi vya zebaki. Na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba kufikia mwaka 2025 visiruhusiwe hata vyenye kiasi kidogo. Tangu mwaka 2019 kazi ya kusajili na kukagua vipodozi nchini imekuwa mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Kopo lisilo na orodha, lisilo na jina la mtengenezaji, au lililojazwa upya na muuzaji, msilinunue.

Sasa turudi kwa mama yetu pale mnadani.

Amegeuza makopo yote mawili na kusoma. La mafuta ya mgando lina kitu kimoja tu, wala halina manukato, ambayo huweza kuwasha ngozi ya mtoto. Atalinunua hilo, na fedha inayobaki atanunulia daftari. Nyumbani atampaka mtoto kidogo kwanza ndani ya mkono, karibu na kiwiko, asubuhi na jioni kwa siku chache. Ngozi isipowasha wala kuwa nyekundu, atampaka mwili mzima, kila siku baada ya kuoga. Lakini ngozi ikiwa na vidonda, usaha au upele usiopona, hataendelea kubadili makopo, atampeleka zahanati.

Tukumbuke mambo manne. Geuza kopo. Soma kitu cha kwanza katika orodha. Tafuta kile kilichochorwa mbele, uone ni cha ngapi. Na ahadi ikizidi kazi ya mafuta, liache kopo mezani.

Maswali ya kuzungumzwa katika kikundi:

1. Kwa nini samli hukaa kuliko siagi? Jambo hilo latufundisha nini juu ya krimu za dukani?

2. Twaeni kopo moja mlilo nalo. Kitu cha kwanza katika orodha ni kipi? Je, kinalingana na picha ya mbele?

3. Kopo A ni la gramu 100 kwa shilingi 2,000. Kopo B ni la gramu 250 kwa shilingi 4,000. Lipi ni rahisi kwa kila gramu?

4. Jirani anatumia krimu isiyo na orodha. Mtamwambiaje bila ya kumwaibisha?

Mwandishi wa kikundi aandike majibu, na wale wanaojifunza kusoma wapewe nafasi ya kwanza kulisoma kopo.