Subira Peke Yake Haitoshi

Mwaka 1956 visima viwili vilichimbwa Olkaria, Naivasha, kutafuta mvuke wa kuzalisha umeme. Havikutoa mvuke wa maana, na kazi ikasimama. Utafiti ulirejelewa miaka ya 1970, na mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukawashwa 1981: robo karne tangu kisima cha kwanza. Huko Menengai, juu ya mji wa Nakuru, uchimbaji ulianza 2011 na umeme ukapatikana 2023. Leo sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na jotoardhi. Kwa hiyo anayesema kwamba mali kubwa hutaka muda hasemi maneno matupu.

Lakini kungoja tu hakuleti faida. Kampuni ya KenGen, yenye mitambo mingi ya Olkaria, iliuza hisa kwa umma 2006 kwa shilingi 11.90. Muda mfupi baada ya kuingia sokoni, bei ilipaa hadi karibu shilingi 40. Aliyenunua hisa katika pilikapilika zile, akazishikilia hadi 2023, alikuta hisa moja ikiuzwa chini ya shilingi 3, ingawa mitambo ilikuwa imeongezeka. Kampuni ilikua, ila bei aliyonunulia ndiyo iliyomponza, na gawio alilopata njiani halikuziba pengo hilo. Safaricom, kampuni ya simu, ilikwenda kinyume. Hisa zake ziliuzwa kwa shilingi 5 mwaka 2008, zikashuka chini ya 3 mwaka uliofuata, na kuna waliouza kwa hofu. M-Pesa, huduma yake ya kutuma pesa kwa simu, ikazidi kushamiri, faida ikapanda, na 2021 hisa ikapita shilingi 40. Hapo subira ililipa, kwa kuwa biashara yenyewe ilikuwa ikizaa.

Mtu atasema haya ni ya wenye nacho, na ana hoja: karo ya Januari haingoji soko lipande. Wakulima wa pareto wa Molo nao walingoja malipo ya mazao yao miaka nenda miaka rudi, hadi wengi wakang'oa mimea. Hawakukosa subira, walikosa kulipwa. Kwa hiyo weka kwanza akiba ya dharura, na fedha za hisa ziwe zile usizozihitaji kwa miaka mitano au zaidi. Anayelazimika kuuza mwezi mbaya hupata hasara hata kama alichagua vyema. Kisha kila mwaka soma hesabu za kampuni: faida, madeni, gawio. Biashara ikidhoofika mwaka baada ya mwaka, uza.