MATAWI YA MICHAI: KUNI AU MBOLEA?

Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Ndivyo walivyonena wahenga. Kila siku saa nne tunapopanga foleni na vikombe vyetu, ni wachache wanaojiuliza ile chai imetoka wapi na imemgharimu nani. Mimi natoka katika nyumba inayolipa karo kwa majani chai, kwa hivyo nimeona heri niwaeleze wenzangu jambo moja ambalo huleta ubishi katika boma nyingi za wakulima.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Chai ililetwa nchini Kenya mwaka 1903, ikapandwa Limuru. Kwa muda mrefu ilikuwa mali ya masetla na makampuni makubwa. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndio uliowafungulia Waafrika mlango wa kulima mazao ya kuuza kwa wingi. Mwaka 1964 KTDA iliundwa ili kuwahudumia wakulima wadogo, na mwaka 2000 ikageuzwa kuwa kampuni inayomilikiwa na wakulima kupitia viwanda vyao. Leo wakulima hao ni zaidi ya 600,000, kutoka Kericho na Nyamira hadi Murang'a na Meru, nao hutoa zaidi ya nusu ya chai yote ya Kenya. Wengi wao wana shamba lisilofika hata ekari mbili.

Mkulima huchuna majani mawili na chipukizi, akayapeleka kituoni siku iyo hiyo kabla hayajaungua kikapuni. Kiwandani huhitajika kilo 4 hadi 5 za majani mabichi ili kupata kilo moja ya chai kavu. Mkulima hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha hungojea bonasi mara moja kwa mwaka. Hiyo bonasi ndiyo karo, ndiyo mabati, ndiyo deni la dukani.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Kila baada ya miaka mitatu au minne michai hupogolewa, kwani ikiachwa inarefuka na kuchoka. Hukatwa ikabaki vijiti vifupi tu, na huchukua kama miezi mitatu kabla haijachunwa tena. Chini hubaki rundo kubwa la matawi na majani. Je, yapelekwe wapi? Mama jikoni anasema, "Hizo ni kuni za bure!" Mwenye ng'ombe naye anataka kuyatandika zizini. Afisa wa kilimo anasema yaachwe papo hapo. Nani ana haki?

Tutumie hesabu kidogo. Mbolea inayotumika sana katika chai ni ile ya NPK 26:5:5. Maana yake ni kwamba katika gunia la kilo 50 kuna kilo 13 za nitrojeni, kwa kuwa asilimia 26 ya 50 ni 13. Nitrojeni ndiyo inayofanya majani yachipuke. Kila tunapochuna, tunaiondoa shambani ndani ya kikapu. Majani ya matawi yaliyopogolewa nayo yana nitrojeni, na yakioza yanairudisha mchangani. Tukiyachoma jikoni, nitrojeni hiyo hupaa pamoja na moshi, halafu sisi tunaenda kukopa gunia jingine ambalo pesa zake hukatwa kwenye malipo. Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipopanda duniani kote, wengi waliyahisi maumivu hayo.

Si hayo tu. Matawi yakifunika ardhi huzuia mvua kubeba udongo kwenye miteremko yetu, hutunza unyevu wakati wa kiangazi, na magugu hukosa nafasi. Aidha mbolea ya chumvi ikitumiwa peke yake miaka nenda miaka rudi huzidisha ukali wa udongo. Chai hupenda udongo wenye asidi, pH ya kama 4.5 hadi 5.6, lakini kila kitu kina mpaka.

Mambo haya mkulima haambiwi tu, huyaona mwenyewe katika shamba darasa. Mtindo huu ulianzia Indonesia mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga. Kwa wakulima wadogo wa chai nchini ulianzishwa mwaka 2006 na KTDA pamoja na kampuni ya Unilever. Wakulima kama 30 huunda kikundi, wakakutana shambani mara kwa mara. Wanaweza kugawa kipande mara mbili, upande mmoja matawi yaachwe na mwingine yaondolewe, kisha wapime kilo. Hakuna anayelazimishwa kuamini. Mizani ndiyo inayosema.

Hata hivyo, tusimlaumu mama. Yeye hachukui matawi kwa ujinga, bali kwa sababu chakula hakiivi kwa maneno. Kumwambia aache kuni bila kumwonyesha nyingine ni kumcheza shere. Jawabu ni kupanda miti ya kuni mpakani, kama mgrevilea, na kujenga jiko la kuokoa kuni. Mikaratusi isipandwe karibu na mto, kwani hunywa maji mengi. Vile vijiti vinene vinaweza kwenda jikoni. Majani na vitawi vyembamba ndivyo visitoke shambani.

Wengine huuliza, "Tukifanya haya yote na kiwanda kipate cheti cha Rainforest Alliance, bei itapanda?" Ukweli ni kwamba cheti peke yake hakipandishi bei. Chai yetu nyingi huuzwa mnadani Mombasa, na huko bei hupanda na kushuka bila kumwuliza mkulima. Lakini kuna mambo mawili yaliyo mikononi mwake: kilo anazovuna na pesa anazotumia. Udongo wenye rutuba huongeza zile za kwanza na kupunguza hizi za pili.

Basi enyi wenzangu ambao karo yenu hutoka kwenye kikapu, msimu wa kupogoa ukifika msingoje kuambiwa. Tandazeni matawi kati ya mistari, kisha mpande miche kumi ya kuni mpakani. Udongo huo ndio watakaoutegemea wadogo zetu watakapofika umri wetu.