Injini Mpya, Breki Je? Mambo ya Kukagua Kabla Gari Halijarudi Barabarani

Injini ikichoka, wenye magari wengi huona afadhali kuibadilisha kuliko kununua gari jingine. Matatu inayobeba abiria kutoka Shimoni hadi Ukunda, au Canter inayopeleka samaki Likoni, inaweza kuwa na bodi nzima na viti vizuri ilhali injini imekwisha. Injini iliyotumika kutoka Japani hulirudisha gari kazini kwa gharama nafuu. Wengine huondoa injini ya petroli na kufunga ya dizeli ili kupunguza matumizi ya mafuta.

Gari likishanguruma, wengi hudhani kazi imekwisha. Lakini breki, spidomita na geji za dashibodi zilikuwa zikitegemea injini na giaboksi ya zamani. Vikiondolewa bila mpango, gari linaweza kutembea vizuri na lisisimame vizuri.

Pedali ya breki kuwa ngumu

Kwenye magari mengi madogo na matatu, mguu wa dereva husaidiwa na busta, lile duara kubwa la bati lililo mbele ya pedali. Busta hufanya kazi kwa mvuto wa hewa. Injini ya petroli hutengeneza mvuto huo yenyewe inapovuta hewa, na mpira mmoja huupeleka kwenye busta.

Injini ya dizeli kwa kawaida haina mvuto wa kutosha. Huhitaji pampu yake maalum. Kwa injini za Toyota kama 3L, pampu hiyo imefungwa nyuma ya altaneta. Fundi akirudisha altaneta ya petroli kwa sababu ni mpya zaidi, pampu inabaki gereji na busta inabaki bila nguvu. Breki hazikatiki kabisa, ila pedali huwa ngumu na gari huchukua masafa marefu kusimama.

Kuna njia rahisi ya kupima. Gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, kisha washa injini. Pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, gari lisitoke. Kagua pampu, mpira wake na vali ya njia moja inayozuia hewa kurudi kwenye busta.

Mabomba ya breki nayo yakaguliwe yasiguse ekzosi wala injini mpya. Magari yanayofanya kazi karibu na gati hupata chumvi ya bahari, na bomba lililoliwa na kutu linaweza kupasuka siku breki inapokanyagwa kwa nguvu. Anayeongeza mafuta ya breki atumie aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chupa yake. Oili ya injini huharibu mipira ya breki.

Breki ya mkono

Kwenye malori madogo mengi, ikiwemo Canter, breki ya mkono haiko kwenye magurudumu. Iko nyuma ya giaboksi, ambako hushika shafti. Giaboksi ya aina nyingine ikifungwa, breki hiyo inaweza kuondoka nayo. Dereva huenda asigundue mpaka asimame kwenye mteremko wa feri pale Likoni akiwa na mzigo. Ijaribiwe kwenye mteremko mdogo, mtu akiwa tayari na jiwe la kuzuia gurudumu.

Spidomita na kidhibiti mwendo

Spidomita nyingi husoma mzunguko wa shafti ya giaboksi, kwa kebo au kwa sensa. Giaboksi, difu au saizi ya magurudumu ikibadilika, hesabu nayo hubadilika. Tuseme difu ya zamani ilikuwa na uwiano wa 4.5 na mpya ni 4.0. Spidomita ikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda 90.

Kwa gari la abiria hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mwendo wake wa mwisho kisheria ni kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti mwendo kinachopokea ishara hiyo hiyo kitadanganyika pia, na kuruhusu 90. Kwa mwendo huo, masafa ambayo gari hutembea baada ya breki kushika huongezeka kwa zaidi ya robo.

Abiria mmoja mwenye simu yenye GPS anaweza kulinganisha mwendo na spidomita huku dereva akitazama barabara. Tofauti ikiwa kubwa, fundi abadilishe gia ndogo ya spidomita au arekebishe sensa, na kidhibiti mwendo kipimwe upya.

Geji na taa za dashibodi

Geji ya joto husoma sensa iliyo kwenye injini. Sensa ya injini mpya isipolingana na geji ya gari, mshale unaweza kukaa katikati huku maji yanachemka. Mara nyingi dawa ni kuhamisha sensa ya zamani ikiwa inaingia, au kununua inayolingana na dashibodi. Waya wa athi kutoka kwenye injini hadi kwenye bodi pia urudishwe na ukazwe. Ukilegea, geji husema uongo.

Ufunguo ukiwashwa kabla ya injini kuwaka, taa za oili, chaji na breki zinapaswa kuonekana, kisha zizime injini ikiwaka na breki ya mkono ikiachiliwa. Taa ya ABS, kwa gari lenye mfumo huo, nayo iwake kisha izime. Taa isiyowaka kabisa ni ya kutiliwa shaka kama ile isiyozima. Kutoa balbu si kutengeneza gari.

Logbuku

Nambari ya injini imeandikwa kwenye rekodi ya gari. Mwenye gari anapobadilisha injini anatakiwa kuijulisha Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA), ambayo huduma zake hupatikana kupitia eCitizen. Stakabadhi za ununuzi wa injini zihifadhiwe. Magari ya abiria na ya biashara hukaguliwa kila mwaka, lakini baada ya kazi kubwa kama hii si busara kungoja tarehe hiyo ifike.

Wamiliki wanashauriwa kukubaliana na fundi mapema kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya breki, breki ya mkono, spidomita na taa kupimwa mbele yao. Safari ya kwanza iwe ya majaribio, bila abiria wala mzigo. Abiria akishapanda na mlango kufungwa, hana namna ya kujua kilichobaki gereji.