Je, Wajua? Kitamu Kwako, Sumu kwa Mbwa

Wajua parachichi, lile linalojaza malori kutoka Wanging'ombe na Njombe, lina kemikali iitwayo pesini? Mbwa wako anaistahimili kuliko wanyama wengi. Anayeumia ni mbuzi! Akitafuna majani ya mparachichi, kiwele huvimba, maziwa hukauka na moyo unaweza kushindwa kazi. Kwa mbwa, liogope kokwa: akilimeza zima linakwama kooni au linaziba utumbo.

Na kitunguu? Gramu 150 tu, yaani kimoja kikubwa, zinatosha kuharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa wa kilo 10. Kibichi, kikavu, kilichoungwa kwenye mchuzi, ni yaleyale! Kitunguu saumu ndicho kikali zaidi.

Hebu sikia hili, mama unayekanda maandazi alfajiri. Mbwa akiiba donge lenye hamira, linaendelea kuumuka tumboni mwake, kwenye joto safi kabisa, na hamira inatengeneza pombe humohumo. Tumbo linajaa, mbwa analewa chakari, na ulanzi hajauonja!

Zabibu za Dodoma nazo zinaweza kuua figo za mbwa, mbichi hata kavu. Mwaka 2021 wataalamu wa sumu za wanyama huko Marekani walinyooshea kidole asidi ya tartariki. Sasa kisia asidi hiyo imejaa wapi tena: kwenye ukwaju!

Bigijii isiyo na sukari? Nyingine zina kiongeza utamu kiitwacho zailitoli, na gramu 1 tu inamshusha sukari mbwa wa kilo 10, pengine ndani ya nusu saa. Wewe unatafuna bila shida yoyote.

Chokoleti je, mtoto wa kakao ya Kyela? Sumu yake kwa mbwa ni theobromini. Mwili wako unapunguza nusu yake kwa saa 6 hadi 10. Mbwa anahitaji saa 17 hivi!

Ugali hauna neno, mwachie afaidi. Mwaka 2013 ilibainika kuwa mbwa mwitu wa nchi za baridi, asili ya mbwa wetu, ana nakala 2 tu za jeni ya kumeng'enya wanga, ilhali mbwa wa nyumbani ana 4 hadi 30. Kaumbwa ale nasi!

Lakini yale mahindi yenye ukungu unayoyatenga ukisema "haya apewe mbwa"? Tafadhali, usimpe! Yanaweza kuwa na sumukuvu inayokula ini, moto wa jikoni hauiondoi, na mbwa ni miongoni mwa wanyama inaowadhuru upesi sana. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza, ndipo sumu hiyo ikasakwa hadi ikapatikana. Kumbe mwaka 1952 madaktari wa mifugo Marekani walikuwa wameshaandika juu ya mbwa waliokufa kwa ugonjwa wa ini usioeleweka, wakauita X. Ilikuwa sumukuvu ileile, na mbwa walikufa nayo miaka 8 kabla ya bata mzinga!