Themostati ya Jeep: kipuri kisichoonekana katika soko linalouza mwonekano

Katika biashara ya vipuri vya magari ya kijeshi ya zamani, bei hufuata jicho. Boliti yenye herufi F, alama ambayo Ford iliigonga kwenye vipuri vyake vya Jeep wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, huuzwa kwa bei isiyolingana kabisa na chuma chake. Boliti hiyo inaonekana, na waamuzi wa maonyesho wanajua pa kuitafuta. Themostati, ambayo ndiyo inayozuia injini isichemke wala isikae baridi kupita kiasi, imejificha ndani ya kiwiko cha chuma juu ya silinda hedi. Hakuna anayeipiga picha. Ndiyo maana inabaki miongoni mwa vipuri rahisi kabisa kwenye gari ambalo mwenyewe alilinunua kwa maelfu ya dola.

Soko lenyewe limesimama juu ya wingi. Kati ya 1941 na 1945 ziliundwa Jeep zipatazo 640,000, zaidi ya nusu zikitoka kiwanda cha Willys-Overland cha Toledo, Ohio, na nyingine Ford. Jeshi la Marekani lilisisitiza kwamba kipuri cha Willys kiingie kwenye Jeep ya Ford bila kupigwa tupa, na cha Ford vivyo hivyo. Amri hiyo ilitolewa kwa ajili ya mafundi wa vitani, lakini leo wanaokula matunda yake ni wenye maduka. Baada ya vita, Hotchkiss ya Ufaransa ilipata leseni na kuunda M201, Jeep ileile kwa sehemu kubwa, hadi 1966. Jeshi la Ufaransa liliendelea kuzitumia kwa miongo na kuzifufua upya katika karakana yake ya La Maltournée, karibu na Paris. Lilipozistaafisha na kuuza akiba yake ya vipuri, wauzaji wa Ulaya walijaza maghala. Nako Manila, mji uliogeuza Jeep za vita kuwa daladala zake, kuna kiwanda kinachounda bodi mpya za Jeep na kuzisafirisha nje.

Kwa hiyo mwenye Jeep hahangaiki kupata themostati. Anachohangaikia ni kujua anunue ipi.

Zile za zama za vita kwa kawaida zilikuwa na mvukuto mdogo wa shaba, umefungwa na ndani yake kuna kimiminika kinachochemka upesi. Maji ya injini yakipata moto, mvuke husukuma mvukuto, vali inafunguka na maji yanakwenda kwenye rejeta. Za leo hutumia nta ndani ya kikopo cha chuma, mtindo ulioanza Marekani katika miaka ya 1930 kwa kazi ya mvumbuzi Sergius Vernet. Nta ikiyeyuka hutanuka na kusukuma pini. Tofauti kubwa iko kwenye kufa kwake: mvukuto ukitoboka, vali mara nyingi hubaki wazi na gari litakufikisha nyumbani likiwa baridi; nta ikiharibika, vali huweza kubaki imefungwa, na hapo unaua injini.

Hapa ndipo kanuni ya soko hili inapopinduka. Kwingine kote, kipuri kilichotoka kiwandani enzi za vita na hakijawahi kufungwa, bado kiko kwenye karatasi yake yenye grisi na tarehe ya kijeshi, ni dhahabu. Kwa themostati ni kamari. Mvukuto uliokaa rafuni miaka 80 unaweza kuwa umekwisha kuvuja bila hata kuonja maji. Muuzaji mwaminifu atakushauri uuweke kabatini kama kumbukumbu, kisha akuuzie mpya ya nta. Wasio waaminifu nao wapo, na karatasi ile ya kahawia inawasaidia sana.

Bei ya themostati yenyewe haimtajirishi mtu, na mara nyingi gharama ya posta huipita. Faida iko kwenye vinavyoandamana nayo: gasketi, mipira ya rejeta, klipu, kulanti, na zaidi ya vyote, boliti za kile kiwiko. Zimekaa kwenye maji na kutu kwa miongo. Fundi anayezifungua kwa pupa huzikata kichwa, au hukipasua kiwiko chenyewe, na kazi ya nusu saa inageuka ya siku mbili. Fundi mzoefu huzilainisha kwa mafuta ya kupenya usiku kucha, huzipasha moto, kisha huzirudisha mbele na nyuma kidogo kidogo. Kabla ya kufunga themostati mpya huitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, aone kama inafunguka kwenye nyuzi zilizochapwa ukingoni mwake. Kwa injini ya Jeep, za nyuzi 71 za Selsiasi ni za kawaida madukani. Kikopo cha nta hutazama upande wa injini, na kitundu cha kutolea hewa hukaa juu. Ukigeuza, utakuwa umenunua tatizo.

Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kirinyaga Road, Nairobi, atacheka: si uing'oe tu utupe? Dawa hiyo tunaijua sote, na kwenye gari la deiwaka linalopanda mlima na mzigo huonekana inafanya kazi. Lakini Jeep ya mkusanyaji huko Kent au Ohio hutembea mara chache, safari fupi, mara nyingi kwenye hali ya hewa ya baridi. Bila themostati injini haipati joto lake, petroli ambayo haijaungua inashuka kwenye oili, na silinda zinalika mapema.

Magumu yapo kwa magari machache zaidi. Gari la deraya la Ferret, lililoundwa na Daimler kati ya 1952 na 1971 kwa injini ya Rolls-Royce B60, halikufikia hata 4,500. Kwa idadi hiyo hakuna kiwanda kinachosumbuka kutengeneza kipuri chake pekee, kwa hiyo muuzaji huishi kwa kulinganisha namba: kipi cha lori, trekta au gari la kiraia kinaingia pale. Kulinganisha kipenyo peke yake hakutoshi. Baadhi ya injini za Uingereza za zama hizo zilitaka themostati yenye mkono unaoziba njia ya mkato ya maji inapofunguka. Ya kisasa yenye kipenyo kilekile lakini isiyo na mkono huo huingia vizuri kabisa, kisha sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Mwenye gari huona geji inapanda, analaumu rejeta, ananunua mpya, na geji inapanda tena.

Maduka ya Jeep sasa yanatazama wateja vijana, na vijana wanataka Humvee, ambazo jeshi la Marekani lilianza kuziuza mnadani mwishoni mwa 2014. Zile za mwanzo zina dizeli ya GM ya lita 6.2, ya ukoo uleule uliofungwa kwenye pikapu za Chevrolet. Themostati yake mteja anaipata kwenye duka lolote la vipuri mtaani kwake, bila kumpigia simu mtaalamu yeyote.