Kwa Nini Bibi Harusi Amenenepa Kwenye Video

Kanda za harusi zilizopigwa Malindi, Watamu na Kilifi enzi za MiniDV zina kasoro mbili ambazo kila familia inazijua. Katika kanda moja watu wote wamepanuka, na bibi harusi ana mashavu ambayo hakuzaliwa nayo. Katika nyingine wote wamevutwa juu, wembamba, na kofia ya bwana harusi imerefuka kupita kiasi. Lawama hutupiwa kamera. Mara nyingi kamera haina kosa: picha iliingia kwenye kanda ikiwa sawa, kisha umbo lake likapotea njiani, baina ya kamera, kompyuta na televisheni ya sebuleni.

Hesabu yake ni fupi. Kanda za MiniDV, zilizoanza kuuzwa mwaka 1995, katika mfumo wa PAL tuliokuwa tukiutumia Kenya hurekodi pikseli 720 kwa upana na mistari 576 kwa kimo, fremu 25 kwa sekunde. Gawanya 720 kwa 576 utapata 1.25. Televisheni ya kichogo ina uwiano wa 4:3, yaani 1.33. Skrini pana ni 16:9, yaani 1.78. Hakuna hata mmoja unaolingana na 1.25! Maana yake pikseli za kanda hizi si mraba. Ni pikseli zilezile 720 kwa 576 zinazobeba maumbo yote mawili. Picha pana hubanwa ubavuni, kama mkeka unaokunjwa upite mlangoni, na atakayeupokea lazima aambiwe aukunjue. Anayemwambia ni alama ndogo ya kidijitali iliyofichwa ndani ya rekodi. Alama hiyo ikipotea, au programu ikiipuuza, mkeka hubaki umekunjwa na watu wanarefuka. Kinyume chake, picha ya 4:3 ikinyooshwa kujaza skrini pana, watu wananenepa.

Umbo lenyewe la 16:9 ni mapatano. Mapema miaka ya 1980, mhandisi Mmarekani Kerns Powers alitafuta mstatili mmoja ambao ungezikaribisha kwa haki picha za televisheni na filamu pana za sinema, na jibu likaangukia katikati. Kwetu lilifika sebuleni pole pole. Hadi Kenya inazima matangazo ya analogi mwaka 2015, nyumba nyingi za Pwani zilikuwa bado na kichogo juu ya kabati. Kwa hiyo mpiga video wa miaka ile alikuwa akimpigia picha mtazamaji ambaye hajui ana skrini gani. Mimi nadhani hilo linamwondolea nusu ya lawama.

Nusu iliyobaki ni ya watengenezaji wa kamera. Kamera nyingi za bei nafuu zilikuwa na kitufe cha 16:9 kisichopanua chochote. Kihisi kilikuwa cha umbo la 4:3, na kamera ilikata tu kipande cha juu na cha chini. Kati ya mistari 576, hubaki 432. Robo nzima ya picha imetupwa, kisha kilichobaki kikanyooshwa kuijaza fremu. Zipo zilizokuwa na kihisi chenye pikseli za ziada, zikakata na bado zikapata mistari 576 kamili, ila nazo hazikuona zaidi kushoto wala kulia. Zilizopanua kweli, kama Canon XL2 ya mwaka 2004, hazikuwa za mfuko wa kila mtu.

Kuipima kamera yako hakuhitaji kitabu. Iweke juu ya stendi pale kwenye gati la feri la zamani Kilifi, feri iliyostaafu daraja lilipofunguliwa mwaka 1991, uielekeze kwenye mkondo. Weka 4:3, ukumbuke mashua ya mwisho unayoiona kila upande. Usiguse zumu. Badilisha uende 16:9. Ukiona mashua nyingine zimeingia pembeni, kamera ni ya kweli. Ukiona mashua ni zilezile, ila mawingu na maji ya mbele yamepungua, ujue unakatiwa.

Kama unakatiwa, ushauri wangu ni kupiga 4:3 na kukata mwenyewe wakati wa kuhariri. Ukali wa picha utakuwa karibu sawa, isipokuwa kwa zile kamera zenye pikseli za ziada, lakini uamuzi unabaki mkononi mwako. Chukua siku ya kupamba. Bibi harusi ameketishwa juu ya jukwaa, maua na mito pande zote mbili, mikono na miguu imejaa hina. Upana wa jukwaa unaipendeza 16:9, lakini chumba ni kifupi, mpiga video (mwanamke, maana wanaume hawaingii) ameegemea ukuta wa nyuma, na kamera inayokata itachukua ama taji ama miguu. Ukiwa na fremu nzima ya 4:3, utaisogeza picha juu au chini kwa kila kipande: hapa taji, pale hina. Kamera haijui hina iliyochorwa siku nzima ina thamani gani. Ukipiga hivyo, bandika vipande vyembamba vya karatasi juu na chini ya kioo cha kutazamia cha kamera, kati ya vipande hivyo uweke mambo ya lazima, na nje yake uache nafasi ya kuchezea.

Fremu pana ina vitu inavyovipenda na visivyoiingia. Wachezaji wa ngoma ya gonda waliojipanga mstari siku ya kumkumbuka shujaa wa Wagiriama, Mekatilili wa Menza, wanaijaza vizuri, sketi za hando zikiyumba toka kona hadi kona. Upeo wa bahari nao, mradi tu uunyooshe. Katika picha pana mwinamo mdogo wa kamera huonekana upesi. Tatizo ni vitu vilivyosimama: makaburi ya nguzo kando ya Msikiti wa Juma wa Malindi, nguzo ya Vasco da Gama, vigango (miti ya ukumbusho) vya Wagiriama. Usirudi nyuma mpaka nguzo yote iingie, utabaki na kijiti katikati ya anga tupu. Sogea, ipandishe kamera pole pole kutoka chini, au mweke mtu ubavuni mwa nguzo ajaze upande mmoja. Mzee anayehojiwa naye asiwekwe katikati. Mpe nafasi upande anaotazama. Uso ukiwa karibu, kata kidogo juu ya paji, kidevu usikiguse.

Kwenye kompyuta, kosa kubwa hufanyika kabla ya mkato wa kwanza: mradi unafunguliwa kwa umbo lisilo la kanda. Chagua PAL 16:9 au PAL 4:3 kulingana na ulivyopiga, halafu tafuta kitu cha duara kilichopigwa kikikutazama wazi: uso wa ngoma, sinia, ungo. Kikiwa duara kwenye skrini, endelea. Kikiwa yai, usikate chochote mpaka umeiambia programu umbo la kanda.

Ukikuza picha ya 4:3 ili ukate, kumbuka pia kwamba kila fremu ya kanda hizi kwa kawaida ni nusu mbili zilizofumwa mstari kwa mstari, nusu 50 kwa sekunde. Ukikuza bila kuzifumua kwanza, mikono inayopiga makofi itaota meno ya kitana. Na vipande vya zamani vya 4:3 ndani ya video pana viachie weusi pande zote mbili. Wapo wanaojaza nafasi hiyo kwa nakala iliyofifishwa ya picha hiyohiyo. Mimi huona inamvuta macho mtazamaji mbali na marehemu babu anayezungumza katikati.

Wakati wa kutoa nakala, DVD inaweza kubeba ile alama ya 16:9. VCD haiwezi, kwa hiyo nakala pana ya VCD lazima itengenezwe ikiwa na weusi juu na chini.

Wenye kanda kabatini wazihamishe sasa, kwa waya wa FireWire, kutoka kamera hadi kompyuta. Saa moja huchukua takriban gigabaiti 13. Zilizorekodiwa kwa mwendo wa LP, ule uliotoa dakika 90 katika kanda ya 60, mara nyingi hukubali kusomwa na kamera iliyozirekodi tu. Mpiga video wako wa zamani akiwa bado anayo kamera hiyo, mtafute kabla hajaiuza.